Kupanda miti ni siku moja, kuitunza ni miaka: kwa nini pori zetu hazirudi kisha kukatwa

Kila tarehe 5 Desemba, siku ya kitaifa ya mti, picha zinafanana kutoka Bunia mpaka Uvira. Mkubwa wa serkali anainama, anaweka mche ndani ya shimo, wanafunzi wanapiga makofi, kamera zinarudi mjini. Kisha miezi sita, ni watu wachache wanarudi pale kuangalia. Mbuzi zimepita, majani yamefunika mche, ama moto wa shamba la jirani umefika.

Wakati huo huo, si mbali na pale, kuna miti mingine inaota bila sherehe. Visiki vya mikalitusi vimetoa machipukizi. Mahali moto ulipita, miche ya akasia imejaa kama majani. Ndani ya pori lililokatwa, miti michanga ya mbao za bei inatafuta mwangaza chini ya kamba za pori. Ile miti haikuomba pepinieri wala gari ya kuileta. Inaomba tu mtu mwenye panga, atakayepunguza majirani zake ili ipate nafasi ya kunenepa, na apande upya pale ambapo pamebaki wazi.

Hiyo kazi ndiyo inakosa watu, na inakosa pesa pia. Wakati majimbo ya mashariki yanazungumziwa katika mipango mikubwa ya kurudisha misitu, swali la wakaaji linapashwa kuwa hili: kati ya miche yote inayohesabiwa, ni mingapi itakuwa miti kisha miaka kumi, na nani atakuwa na haki ya kuikata?

AHADI KUBWA, HESABU YA MICHE

Ahadi hazikosekani. Kongo ilijitolea mbele ya dunia kurudisha hekta milioni 8 za ardhi na misitu iliyoharibika. Mwezi wa Novemba 2021, kwenye mkutano wa hali ya hewa wa Glasgow, nchi ilitia sahihi mapatano na mfuko wa CAFI kwa dola milioni 500 kwa muda wa miaka mitano. Kabla ya hapo kulikuwa programu ya bustani za shule, yenye lengo la miti bilioni moja kufikia mwaka 2023. Januari 2025, serkali ilitangaza Mkondo wa Kijani kati ya Kivu na Kinshasa, eneo lenye zaidi ya kilomita za mraba 540,000, ambalo linaanzia huku kwetu, upande wa Virunga.

Karibu kila mradi wa namna hii unatangaza kwanza hesabu moja: miche iliyopandwa. Ni hesabu rahisi. Unahesabu mifuko iliyotoka pepinieri, unapiga picha, unatuma ripoti. Kuhesabu miti iliyosimama kisha miaka mitatu ni kazi nyingine: inafaa kurudi shambani, na mara nyingi muda wa mradi umekwisha na wafanyakazi wamekwenda.

Matokeo yake yanaonekana wazi. Pesa inakwenda kwa kilo za mbegu, mifuko ya plastiki, magari na sherehe. Kazi ya kulima majani mwaka wa kwanza na wa pili, kujaza pale miche ilikufa, kupunguza miti ikisha kubanana, inaachiwa mkulima, bila malipo, na mara nyingi bila maelezo. Lakini hii kazi ndiyo inaamua kama pale patakuwa msitu ama kichaka.

KILA MTI NA NAMNA YAKE YA KURUDI

Kule milimani, Lubero, Masisi, Kabare ama Walungu, watu wengi hawakati pori la asili. Wanakata miti iliyopandwa na baba zao: mikalitusi, akasia nyeusi, grevilea, misipresi. Makala, mbao na nguzo za nyumba zinatoka humo. Hata mradi wa EcoMakala, ambao WWF ilianza mwaka 2007 pembeni ya hifadhi ya Virunga, ulisimama juu ya wazo hilo: mtu apande miti ya makala katika shamba lake, ili watu wasiingie hifadhini. Na kwa sababu miti hiyo ilipandwa mwaka mmoja, inafika siku ya kukatwa karibu wakati mmoja. Hapo swali si kupanda tena. Ni kujua mti huu unarudi namna gani.

Mkalitusi unarudi kwa kisiki. Ukikatwa chini, kiganja kimoja hivi juu ya udongo, na kata ikawa safi na ya kuteremka ili maji yasilale juu yake, kisiki kinatoa machipukizi mengi, hata zaidi ya kumi. Ukiyaacha yote, yanapigania maji na mwangaza, na kisha miaka mitano unapata fimbo nyembamba. Kazi yake inajulikana: machipukizi yakifika karibu mwaka mmoja, mtu anabakiza mawili ama matatu, yenye nguvu na yaliyoshika kisiki vizuri. Kisha mwaka mwingine anabakiza moja kama anataka mbao, ama mawili kama anataka makala na nguzo. Mizizi ni ya zamani na imekwenda chini, kwa hiyo chipukizi linakimbia kuliko mche mpya. Shamba moja linaweza kurudi hivyo mara mbili, tatu ama zaidi kabla visiki havijachoka.

Adui wa hii kazi ni panga lisilonolewa, linalopasua kisiki na kuvua ganda lake. Machipukizi yanatoka chini ya ganda. Likivuka, kisiki kinakufa ama kinatoa vitu dhaifu ambavyo upepo unaangusha.

Akasia nyeusi ni tofauti. Kisiki chake hakirudi vizuri, lakini mbegu zake zinalala udongoni miaka mingi, na moto unaziamsha. Mahali pa akasia iliyokatwa na majani yake kuchomwa, miche inatoka maelfu. Watu wengi wanaona ni baraka, wanaiacha. Inakuwa ukuta ambao hata mbuzi hapiti, na hakuna mti unaonenepa. Anayepunguza mapema, akiacha nafasi ya mita mbili ama mbili na nusu kati ya mti na mti, anapata shamba la miti bila kununua mche hata mmoja. Kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, hekta moja inabeba miti 1,600. Hiyo inatosha.

Misipresi na misonobari haitoi chochote kisha kukatwa. Pale lazima kupanda upya, hakuna njia nyingine. Grevilea nayo haitegemewi ikisha kukatwa chini ukubwani. Ni heri kuikata matawi na kilele, mti wenyewe usimame.

Kwa hiyo mradi unaoleta miche elfu kumi ya aina moja kwa kijiji kizima, bila kuuliza nini kilikatwa pale, unaweza kuwa unapanda juu ya visiki vilivyo hai. Inaonekana mara nyingi: mkulima anang'oa machipukizi ya mkalitusi ili aweke mche wa mkalitusi, sababu mche unahesabiwa na chipukizi halihesabiwi.

Tena kupunguza si kazi bila mapato. Fito zinazotoka humo ndizo watu wanatafuta kwa kupandisha maharagi, kwa kujenga nyumba za udongo, kwa kuni za jikoni. Katika vijiji ambako maharagi ya kupanda juu ya fito yanalimwa sana, mtu anaweza kuuza fito kabla hajauza makala hata gunia moja. Hilo ni jambo ambalo lingepashwa kusemwa kwenye kila sherehe ya mti.

PORI LA MBAO: MAMBASA, BENI, BAFWASENDE

Kule chini, ndani ya pori kubwa la Ituri na Tshopo, hali ni ingine. Kwa miaka mingi mbao zinatoka Mambasa, Beni na Bafwasende, zinapitia Kasindi, Mahagi ama Aru, na kwenda Uganda na Kenya. Wapasuaji wengi ni wa kienyeji, wenye tronsoneze moja na vijana wachache. Hawakati msitu wote. Wanachagua libuyu, iroko, sapeli, na upande wa Tshopo afromosia, wanapasulia papo hapo, wanabeba mbao kichwani mpaka barabara.

Ukipita pale kisha mwaka mmoja, unaona kijani na unafikiri pori limerudi. Kinachorudi kwanza ni parasolie, ule mti wa majani mapana kama mwavuli. Unakimbia kukua, unafunika pengo, na unakufa kisha miaka ishirini hivi. Chini yake ndipo msitu wa kweli unaanza polepole. Parasolie si adui, inalinda udongo. Lakini haituambii kama iroko itarudi.

Miti ya mbao za bei ina taabu zake. Afromosia inapenda mwangaza. Chini ya kivuli kizito, watoto wake wanakufa. Ndiyo maana ndani ya pori unakuta miti mikubwa ya zamani na midogo michache. Tangu mwaka 1992 mti huo uko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, maana yake kuuuza nje kunaomba ruhusa na uhakikisho. Sapeli inanenepa karibu nusu sentimita kwa mwaka. Kwa mwendo huo, mti unahitaji miaka 160 ili ufikie unene wa sentimita 80. Sheria ya Kongo inataka kampuni yenye kibali kikubwa ingoje walau miaka 25 kabla ya kurudi mahali pale pale. Lakini kwa miaka 25, mti wa sentimita 60 unafika kama 72 tu. Ukiacha pori lijipange lenyewe, anayerudi kisha miaka 25 hatakuta kile alichokuta mara ya kwanza.

Hapa ndipo kupunguza kunaleta faida. Jirani zetu wa Afrika ya Kati walifanya jaribio la siku nyingi kule M'Baïki, lililoanza mwaka 1982. Walilinganisha pori lisiloguswa, pori lililokatwa mbao tu, na pori lililokatwa kisha likapunguzwa miti isiyo na bei. Pale walipopunguza, miti iliyobaki ilinenepa haraka kuliko kwingine. Lakini hata pale, miti mikubwa ya mbao haikurudi yote kwa muda ambao kampuni zinangoja. Maana yake kupunguza kunasaidia, lakini hakufuti kosa la kukata kupita kiasi.

Kwa mpasuaji wa kawaida, kazi hii si ya mashine kubwa. Miezi kadhaa kabla ya kukata, anakata kamba zinazofunga mti kwa majirani, ili ukianguka usivute mingine mitatu. Anaangalia upande wa kuangushia, mbali na vijana wa mti ule ule. Anaacha mama wa mbegu mmoja ama wawili, hata kama ni wanene na wana bei. Kisha kukata, anarudi kutafuta miti michanga ya bei, anaondoa kamba juu yake, na ule mti usio na kazi unaoizibia mwangaza anauzungushia kata kwenye ganda, ukauke umesimama bila kuangukia mingine. Pale ambapo hakuna mtoto hata mmoja, ndipo anapanda.

Na kupanda nako kuna hesabu yake. Iroko ikipandwa peke yake shamba zima, wadudu wanatia vinundu kwenye majani na vilele vyake na inakwama. Jamii ya sapeli na libuyu inatobolewa kilele na kiwavi. Iliyochanganywa na miti mingine, na iliyofunguliwa mwangaza polepole, inapona zaidi. Ni kwa sababu hiyo wataalamu wanapendelea kupanda kwa mistari ndani ya pori lililokatwa, kuliko kufyeka yote na kuanza upya.

ELIMU HII SI NGENI KWA KONGO

Watu wengine wanafikiri haya ni mambo ya Wazungu wa leo. Yangambi, ufukoni mwa mto Kongo, karibu kilomita 100 kushuka kutoka Kisangani, ilikuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1933. Humo walipanda afromosia kwa namna mbalimbali, na mashamba mengine ya wakati ule yamesimama mpaka leo. Kule Luki, upande wa Mayombe, walipanda limba pamoja na ndizi: mkulima alipata ndizi miaka ya kwanza, alipolima ndizi alikuwa analimia limba pia, na ndizi ziliposhindwa na kivuli, limba ilikuwa tayari imeinuka.

Hilo la ndizi na limba ndilo lenye somo kwa mashariki. Mti ulitunzwa kwa sababu mtunzaji alikuwa na sababu ya kurudi shambani kila juma. Hakuna mtu anatembea saa mbili kwenda kulimia mche ambao hautamletea kitu kwa miaka kumi na tano, wakati watoto wanangoja chakula cha jioni. Mahindi, maharagi, mihogo ama ndizi kati ya mistari vinalipa kazi ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kisha hapo mti unajitetea wenyewe.

MTI NI WA NANI?

Hata hivyo, ufundi peke yake haujibu swali lote. Wakulima wengi wanajua kupunguza machipukizi. Hawapunguzi kwa sababu hawajui kama watavuna.

Katika Bushi, kuna namna mbili za kupata shamba kwa desturi. Kalinzi inampa mtu haki ya kudumu, kisha kutoa heshima kwa mwenye ardhi. Bwasa ni ya kukodi kwa msimu, na anayekodi kwa bwasa hana ruhusa ya kupanda mti wala mgomba, sababu mti unamshikisha ardhi. Mwenye shamba anaogopa: leo unapanda grevilea, kesho unasema shamba ni lako. Kwa hiyo maskini wasio na kalinzi, ambao ni wengi na ndio wanaohitaji kuni zaidi, wamefungiwa mlango wa kupanda. Na mwenye ardhi tajiri, ambaye anakaa mjini, anapanda mikalitusi ili kuonyesha kama shamba lina mwenyewe, bila kuwa na mtu wa kuipunguza.

Kwa upande wa pori, mpasuaji anakuwa na permi ya muda mfupi, wakati anayo. Wengi hawana. Aliyelipa hapa na pale barabarani mpaka mpakani anataka kurudisha pesa yake mwaka huu huu. Kumwambia arudi kisha miaka miwili kukata kamba juu ya miti michanga, ambayo mwingine atakata, ni kumchekesha. Kuna kodi ya kupanda miti upya, na kuna Mfuko wa Taifa wa Misitu ambao unapashwa kutumia pesa hiyo. Lakini kijiji ambacho mti ulitoka kina haki ya kuuliza: je, kuna hata siku moja ile pesa ilirudi hapa kwa sura ya kazi?

Na juu ya yote kuna vita. Mtu aliyekimbia Masisi, Djugu ama Beni hawezi kupunguza machipukizi akiwa kambini. Shamba alilolitunza miaka saba linakatwa kwa mwezi mmoja na yeyote mwenye nguvu pale, kwa makala ama kwa nguzo. Tangu Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, hata swali la nani anatoa permi na nani anachukua kodi lina majibu mawili, kulingana na upande wa barabara uliopo. Katika hali hiyo, mti uliosimama unaonekana kama pesa iliyoachwa nje usiku. Mtu anaukata mapema, ukiwa mwembamba, kabla mwingine hajaukata. Ni hesabu ya mtu mwenye akili, hata kama inamaliza msitu.

NINI KINAWEZA KUBADILIKA BILA KUNGOJA AMANI KAMILI

Kuna mambo ambayo hayangoji Kinshasa wala mapatano.

La kwanza ni hesabu. Kamati ya kijiji, kanisa, shule ama chama cha wakulima kinachopokea mradi kinaweza kuomba kama sehemu ya malipo itolewe kisha miezi 12 na kisha miaka 3, kwa mti uliosimama, na kama chipukizi lililotunzwa kwenye kisiki lihesabiwe sawa na mche. Hapo mkulima ataona faida ya kunoa panga lake.

La pili ni karatasi ndogo kati ya mwenye ardhi na anayelima. Si hati ya ardhi. Ni mapatano mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi: ardhi inabaki ya fulani, miti ni ya wote wawili, tutagawana hivi siku ya kukata, na fito za kupunguza ni za aliyelima. Mapatano kama haya yanaondoa ile hofu ya bwasa bila kugusa desturi yenyewe.

La tatu ni msitu wa jamii. Tangu sheria ya Agosti 2014, jamii ya kienyeji inaweza kuomba kibali cha msitu wake mpaka hekta 50,000, bila mwisho wa muda. Walikale, Bafwasende na Mambasa, jamii kadhaa zimeingia njia hiyo. Kazi haiishi siku ya kupata karatasi. Jamii yenye haki isiyo na mwisho ndiyo peke yake yenye sababu ya kungoja sapeli ya miaka mingi. Lakini kama mpango wake unasema tu nani atauza mbao, bila kusema nani atakata kamba na kuacha mama wa mbegu, itakuwa kampuni ndogo kama zile nyingine.

Kuna watakaosema njaa na vita haviachi nafasi ya mambo haya. Ni kweli kwa waliofukuzwa na bunduki. Lakini vijiji vingi viko katikati, si amani kamili wala si mapigano, na watu wanaendelea kukata, kulima na kuuza. Kwao, kisiki cha mkalitusi kilichokatwa msimu huu kitatoa machipukizi mvua ikirudi, mradi upo ama haupo. Gharama ya kuyabakiza mawili ni asubuhi moja ya kazi na panga lililonolewa. Kabla ya kupokea miche mingine, kijiji kinaweza kuanza kwa kuhesabu visiki vyake, na kuandika ni nani mwenye kila kimoja.